Kulala Miyajima: namna ya kuchagua ryokan au hoteli karibu na hekalu la Itsukushima

Tangu nihamie Hiroshima, maswali ya Miyajima hayaniishi. Ndugu anakuja Osaka kwa semina na amebakiwa na siku mbili, rafiki wa Mombasa anafunga safari na mkewe, jirani wa zamani anampeleka mama yake kutembea, na wote huniuliza yale yale. Nilale kisiwani au mjini? Ryokan ni kitu gani hasa? Mbona bei iko juu hivyo? Chakula chao nitakiweza? Nimejibu kwa ujumbe wa sauti miaka yote hii. Sasa nayaweka hapa kwa mpangilio, ili ukifika mwisho uweze kubuki mwenyewe bila kumtegemea mtu.

Kwa asiyepajua: Miyajima ni kisiwa cha Bahari ya Ndani ya Seto, katika mji wa Hatsukaichi, mkoa wa Hiroshima. Jina lake rasmi ni Itsukushima. Hekalu lake la Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, limejengwa juu ya nguzo ufukweni, maji yakijaa huonekana kama linaelea. Sura liliyonayo leo ilianzia kwa Taira no Kiyomori mwaka 1168, na mwaka 1996 liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mbele yake, baharini, limesimama lile lango jekundu la torii unaloliona kwenye kila picha ya Japani. Lina kimo cha mita 16.6 hivi, lilisimamishwa mwaka 1875, na miguu yake haikuchimbiwa chini. Uzito wake wenyewe ndio unaolishikilia.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: ukiweza kulala kisiwani hata usiku mmoja tu, lala. Watalii wengi huvuka asubuhi na kurudi jioni, na maduka mengi hufungwa saa 11 jioni. Baada ya hapo kisiwa hubadilika. Taa za mawe huwashwa kando ya ufuko, kulungu hujilaza pembeni mwa njia, na ukisimama karibu na hekalu unasikia maji yakipiga nguzo chini ya mbao. Hayo hayamo kwenye tiketi ya mchana.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Tarehe mbili au tatu unazoweza kusogeza. Mwenye tarehe moja tu hana cha kuchagua.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la Miyajima. Jumuiya ya utalii ya kisiwa huliweka kwenye tovuti yake.
- Idadi kamili ya watu na umri wa watoto.
- Orodha ya usichokula, iliyoandikwa, pamoja na viungo.
- Kadi ya benki inayolipa nje ya nchi, na yeni taslimu kidogo, kwa kuwa nyumba ndogo nyingine hazichukui kadi.
- Pasipoti. Mgeni asiyeishi Japani ataombwa pasipoti itolewe nakala wakati wa kuingia, hilo ni sheria.
- Kama pasipoti yako ni ya Tanzania au Kenya, unahitaji viza, na kwenye maombi utaandika ratiba yenye mahali pa kulala. Kwa hiyo buki mwanzoni kwa masharti ya kughairi bila malipo, usilipe moja kwa moja kabla viza haijatoka.

Hatua ya 1: Anza na maji, chumba baadaye

Hapa ndipo wengi hukosea, na sisi watu wa pwani tusingepaswa kukosea. Kabla hujafungua tovuti yoyote ya hoteli, tazama maji.

Maji yakifika sentimita 250 na zaidi kwenye jedwali, hekalu huonekana likielea. Yakishuka chini ya sentimita 100, unatembea kwa miguu juu ya mchanga mpaka kwenye lango na kuzigusa nguzo zake, magogo makubwa ya mkafuri. Kati ya hapo ni katikati tu, pazuri lakini si kile ulichosafiria.

Sasa kumbuka bamvua na maji mafu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa huwa kubwa, hukaribia mita 4 siku nyingine. Na hapa Miyajima bamvua ina zawadi yake: kwa kawaida maji hupwa alasiri, kwenye saa 9 au 10, kisha hujaa usiku mnamo saa 4. Maana yake ukilala kisiwani unalitembelea lango kwa miguu mchana ule ule uliofika, unakwenda kula, unarudi usiku kuliona likiwa ndani ya maji, limemulikwa. Taa za lango huzimwa saa 5 usiku. Siku za maji mafu, maji hayapwi vya kutosha kufika langoni, na hilo nimeona likiwavunja watu moyo.

Basi chukua jedwali, weka alama siku ambazo maji yanapwa chini ya 100 alasiri, na tarehe hizo ndizo utakazozitafutia chumba.

*Angalizo:* jedwali linaandika saa za kizungu. 15:40 ni saa 9:40 alasiri. Punguza sita ukiwa unasoma, ongeza sita ukiwa unawaandikia wao. Nitalirudia hili kwenye hatua ya 7, kuna sababu.

Hatua ya 2: Amua ulale wapi

Una sehemu tatu.

*Kisiwani.* Ghali zaidi, vyumba vichache, lakini usiku na alfajiri ni vyako. Ndani ya kisiwa nako kuna tofauti. Ukishuka gatini na kukata kulia, unafuata ufuko au barabara ya maduka, Omotesando, na baada ya dakika 10 hadi 15 uko hekaluni. Nyumba za eneo hili ni rahisi kwa mwenye mizigo au watoto. Nyuma ya hekalu kuna bonde la Momijidani, lenye mimaple na kijito. Huko ndiko iliko Iwaso, nyumba iliyoanza mwaka 1854, na ndiyo njia ya kwendea kigari cha kamba cha kupandia mlima Misen, wenye mita 535. Ukipita hekalu na kuendelea, unafika upande wa jumba la viumbe wa baharini, kumetulia zaidi na bei hupungua kidogo. Na zipo hoteli chache upande wa pili wa gati, mbali na hekalu. Hizo hutuma gari kuwachukua wageni, ila ukitaka kutoka usiku kwenda kuliangalia lango, uliza gari linaacha kufanya kazi saa ngapi.

*Miyajimaguchi,* yaani bara, pale feri inapoanzia. Feri ni dakika 10 tu. Hoteli ni za kawaida, bei ya wastani, stesheni ya treni iko hatua chache. Kwa mwenye bajeti ndogo hapa ndipo mahali pake.

*Hiroshima mjini.* Treni ya JR, kampuni kuu ya reli ya Japani, ya njia ya Sanyo huchukua karibu nusu saa hadi Miyajimaguchi. Tramu ni nafuu lakini huchukua zaidi ya saa moja. Lala mjini kama lengo lako kuu ni Bustani ya Kumbukumbu ya Amani na Miyajima ni ziara ya mchana.

Hatua ya 3: Chagua aina ya nyumba

Ryokan ni nyumba ya wageni ya kijadi. Unavua viatu mlangoni, sakafu ya chumba ni mikeka minene ya tatami, unalala kwenye godoro la futon linalotandikwa chini wakati wewe uko kwenye chakula, na chakula cha jioni huwa sehemu ya safari yenyewe. Minshuku ni ya familia, ndogo, bafu na choo mara nyingi ni vya pamoja, chakula ni cha nyumbani. Hoteli unaijua.

Sipendi watu wanapoambiwa kwamba lazima walale ryokan. Mwaka juzi nilimpokea mama yangu mdogo kutoka Tanga, magoti yanamsumbua. Kula amekaa chini na kunyanyuka kutoka kwenye futon usiku kwenda chooni kungemtesa. Tulitafuta chumba kinachoitwa *wayoshitsu*, chenye tatami na pia vitanda. Alilala vizuri, na asubuhi alikaa kwenye tatami kunywa chai kwa hiari yake. Ukiwa na mzee, uliza mambo matatu: kuna vitanda? Kuna lifti? Meza ya chakula ina viti? Nyumba za zamani nyingi ni za ngazi tupu.

Ukisafiri peke yako, jua kwamba ryokan nyingi hazipokei mtu mmoja, hasa Jumamosi. Si ubaguzi, ni hesabu ya chumba. Jaribu siku za katikati ya wiki.

Hatua ya 4: Soma bei kwa makini

Bei ya ryokan huhesabiwa kwa mtu, wala si kwa chumba. Tovuti za Kijapani kama Rakuten Travel na Jalan huonyesha hivyo. Tovuti za kimataifa huonyesha jumla ya chumba. Mtu akilinganisha bila kujua, ataona ya kwanza ni nusu ya bei, kisha ashtuke kwenye malipo.

Tafuta maneno haya mawili:

- *ippaku nishoku*: usiku mmoja na milo miwili, ya jioni na asubuhi.
- *sudomari*: kulala tu, bila chakula.

Ryokan nzuri ya kisiwani yenye milo miwili huanzia kama yeni 20,000 kwa mtu, na zipo zinazopita 40,000. Minshuku huwa nusu ya hiyo au chini yake. Penye maji ya chemchemi ya moto huongezwa kodi ya kuoga, kwa kawaida yeni 150 kwa mtu mzima. Bakshishi haitolewi. Usimwachie mhudumu noti juu ya meza, atakukimbilia mpaka gatini kukurudishia.

Bei hupanda sana katikati hadi mwisho wa Novemba majani yakigeuka mekundu, wakati wa maua ya cheri mwishoni mwa Machi na mwanzo wa Aprili, kati ya Aprili 29 na Mei 5, katikati ya Agosti, na mwaka mpya. Kwa vipindi hivyo buki miezi mitatu hadi sita kabla.

Hatua ya 5: Maliza suala la chakula kabla ya kulipa

Hatua hii nairefusha makusudi, maana wengi wanaoniuliza ni Waislamu, na wengine hawali samaki wabichi.

Chakula cha jioni cha ryokan huitwa kaiseki: vyombo vidogo vidogo vinavyofuatana, kwa msimu. Hapa Hiroshima tegemea chaza, ambao mkoa huu unajulikana nao nchi nzima, na anago, yaani samaki mkunga, aliyechomwa na kulazwa juu ya wali. Hivyo vyote ni vya baharini na mtu angesema hakuna tatizo. Tatizo liko kwenye mchuzi. Mirin na sake ya kupikia, vyote vyenye pombe, huingia karibu kila mahali: kwenye mchuzi wa mkunga, kwenye mboga zilizochemshwa, mpaka kwenye yai la asubuhi. Kusema tu "sili nguruwe" hakutoshi. Mpishi ataondoa nyama na kuacha mirin, akiamini amekutendea haki.

Andika hivi kwenye nafasi ya maombi, au kwa barua pepe:

*Butaniku, mirin, ryorishu wa taberaremasen.* (Sili nyama ya nguruwe, mirin wala sake ya kupikia.)

Kama pia huli nyama isiyochinjwa kihalali, ongeza kwamba unakula samaki, mboga, mayai na wali tu. Tuma angalau wiki moja mbele. Usiseme mlangoni, kwa sababu soko limeshafanywa na vyombo vimeshapangwa. Wakijibu hawawezi, wamekuheshimu. Chukua *sudomari*, kula Hiroshima kabla ya kuvuka, au beba chakula chako. Usitegemee kupata mgahawa kisiwani usiku: iliyo wazi baada ya jua kuzama ni michache na hujaa.

Ukiwa huna mwiko wowote, chukua milo miwili bila kusita. Kulipa ryokan halafu kutafuta tambi dukani ni kupoteza nusu ya ulichokilipia.

Hatua ya 6: Uliza bafu na uliza dirisha

Bafu la pamoja ni la wanaume peke yao na wanawake peke yao, na huingiwa bila nguo kabisa. Kwanza unakaa kwenye kigoda, unajisugua na kujimwagia maji mpaka sabuni iishe, ndipo unaingia hodhini. Hodhi ni la kutulia, si la kujisafishia. Taulo haliingii majini. Nyumba nyingi hukataa wenye chale za wino mwilini.

Kama hilo huliwezi, kwa dini au kwa haya, usikate tamaa na ryokan. Uliza: *Kashikiri buro wa arimasu ka?* (Kuna bafu la kukodi faragha?) Unapewa kama dakika 40 au 50 na familia yako, mlango umefungwa. Au chagua chumba chenye bafu lake.

Kuhusu dirisha: "mandhari ya bahari" kwenye tangazo haina maana ya kuliona lango. Madirisha mengi yanatazama mlangobahari na bara iliyo ng'ambo, ambako utaona feri zikipita na taa za Hatsukaichi. Vyumba vinavyoliona lango ni vichache na hulipiwa. Kama tangazo halisemi *O-torii* kwa jina, hesabu kwamba haionekani. Maoni yangu: usiongeze pesa kwa dirisha. Utakuwa dakika chache kutoka hekaluni, na picha ya usiku utaipiga ukiwa ufukoni.

Hatua ya 7: Buki, na uandike saa sahihi ya kufika

Jaza majina kama yalivyo kwenye pasipoti. Soma masharti ya kughairi, kwani ryokan hununua chakula kwa jina lako, na ukighairi siku yenyewe unaweza kutozwa bei nzima.

Kisha saa. Kuingia huwa kuanzia 15:00, saa 9 alasiri. Chakula cha jioni huanza kwenye 18:00, saa 12 jioni, na hawatakusubiri hadi saa 2 usiku. Mgeni wangu mmoja aliandika kwenye fomu kwamba atafika "12:00", kichwani mwake ikiwa saa 12 jioni kwa hesabu yetu. Saa sita mchana gari la nyumba lilikuwa gatini likimngoja, na mhudumu akapiga simu mara tatu. Alipofika kweli, walimpokea kwa upole, lakini chakula chake kilikuwa kimeshapangwa upya na yeye aliona haya usiku mzima. Andika 15:00, 16:00, 17:00. Hakuna atakayekosea.

Kwenye fomu hiyo hiyo omba wakupokee gatini. Nyumba nyingi hufanya hivyo bure.

Hatua ya 8: Siku ya kuvuka

Sanduku kubwa liache Hiroshima kwenye makabati ya stesheni au litume kwa *takkyubin*, huduma ya kusafirisha mizigo, mpaka hoteli yako inayofuata. Vuka na begi dogo. Gatini Miyajimaguchi kuna kampuni mbili za feri, JR na Matsudai, nauli yao ni ile ile, yeni 200. Mchana, feri ya JR hupinda kupita karibu na lango, basi panda hiyo na ukae upande wa kulia. Tangu Oktoba 2023 kila mgeni hulipa pia yeni 100 za kodi ya kisiwa, hata mwenye JR Pass, ile tiketi ya treni ya watalii.

Ukishuka, tiketi na ramani ziweke ndani ya begi. Kulungu wa hapa hula karatasi, na hufanya hivyo haraka. Usiwape chakula chochote.

Ukivaa yukata, vazi la pamba utakalolikuta chumbani, upande wa kushoto uje juu ya wa kulia. Kinyume chake ndivyo wanavyovishwa maiti, na wenyeji wataona. Ndara za ndani zivue kabla ya kukanyaga tatami. Chooni kuna ndara zake, ziache huko huko.

Mambo yakienda kombo

*Umechelewa treni na chakula ni saa 12 jioni.* Piga simu mara moja, hata kwa Kiingereza cha kuunganisha. Mfanyakazi wa stesheni ukimwonyesha karatasi ya kubuki anaweza kukusaidia. Kunyamaza ndiko kunakoudhi.

*Asubuhi umeingia bafuni ukakuta si la jinsia yako.* Nyumba nyingi hubadilishana mabafu usiku, la wanaume likawa la wanawake. Usifuate kumbukumbu ya jana, soma herufi kwenye pazia: 男 ni wanaume, 女 ni wanawake.

*Mtoto hajapangiwa futon.* Bei ya mtoto hugawanyika: mwenye chakula na futon, mwenye kimoja, na asiye na vyote. Huenda ulibonyeza ya mwisho. Sema mapokezi, ongeza futon, lipa tofauti.

*Dhoruba inakuja.* Kwenye msimu wa tufani, kiangazi hadi mwanzo wa vuli, feri husimama. Nyumba zenyewe hukupigia kukushauri. Ukiwa bado bara, uliza kama wanakubali kusogeza tarehe kabla hujaghairi mwenyewe mtandaoni, maana ukibonyeza wewe, masharti ya kughairi yanakushika.

*Kisiwa kimejaa tarehe zote za bamvua.* Rudi kutazama kila siku chache, hasa wiki mbili kabla, watu wanapoghairi. Ikishindikana, lala Miyajimaguchi. Vuka alasiri maji yakiwa yamekupwa, tembea hadi langoni, kula mapema, ngoja taa, kisha urudi na feri ya mwisho. Huondoka baada ya saa 4 usiku, lakini thibitisha ratiba gatini siku hiyo hiyo. Kesho yake panda feri ya kwanza. Hekalu hufunguliwa saa 12:30 asubuhi, na saa hiyo, kwenye ukumbi wa mbao juu ya maji, utawakuta wenyeji wachache tu wamekuja kusali kabla ya kazi.